Kidonge cha Kifafa Kinachofungua Jeni

Jioni ya leo nimekuja na dawa moja tu, na nitakaa nayo mpaka mwisho. Jina lake ni valproeti. Dukani huenda umeizoea kama Epilim au Depakine. Huenda mtoto wa dada yako anaimeza asubuhi na usiku ili asianguke. Huenda jirani aliandikiwa hospitalini kwa ule ugonjwa wa akili unaompandisha mtu, akawa halali, anasema bila kukoma na kugawa mali yake, kisha ukamshusha akashindwa hata kuoga. Ni dawa inayofanya kazi. Nalisema hili mwanzoni kabisa, kwa sababu mengine nitakayoyasema yanaweza kutia hofu, na sitaki mtu azime redio akatupe vidonge vya mwanawe chooni.

Dawa hii ilipatikana kwa njia ya ajabu. Mwaka 1882 mkemia Mmarekani, Beverly Burton, alitengeneza kimiminika kinachoitwa asidi ya valproiki. Hakuna aliyekifikiria kuwa dawa. Kwa karibu miaka 80 kilikaa maabara kikitumika kuyeyushia kemikali nyingine. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1960, mjini Grenoble, Ufaransa, mwanafunzi mmoja aitwaye Pierre Eymard alipokuwa na kemikali mpya alizotaka kuzijaribu. Zilikataa kuyeyuka majini, zikayeyushwa katika asidi hiyo. Yeye na wakubwa wake wakawapa wanyama wa maabara, kisha wakawatilia kemikali ya kuwaangusha kifafa. Wanyama hawakuanguka. Wakabadilisha kemikali, matokeo yakawa yaleyale. Wakapunguza dozi, bado yaleyale. Mwishowe wakakishuku kiyeyusho chenyewe, wakakijaribu peke yake, na kumbe ndicho kilichokuwa kinazuia kifafa muda wote. Mwaka 1963 walitangaza walichokiona, na 1967 dawa ikaanza kuuzwa Ufaransa. Marekani iliikubali kwa kifafa mwaka 1978, na kwa ugonjwa wa akili niliouelezea mwaka 1995.

Sasa hesabu nami. Kutoka 1967 hadi 2001 ni miaka 34. Kwa miaka yote hiyo madaktari walijua sehemu moja ya kazi ya dawa hii. Walijua kwamba inatuliza seli za neva. Kifafa, kwa kifupi, ni seli nyingi za ubongo kurushiana umeme kwa pamoja bila mpango, na valproeti inapunguza urushaji huo na kuipa nguvu kemikali ya ubongo inayoitwa GABA, ambayo kazi yake ni kutuliza. Maelezo hayo ni sahihi. Lakini mwaka 2001 timu mbili, kila moja ikifanya kazi peke yake, moja ya Peter Klein katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania na nyingine ya Martin Göttlicher na wenzake huko Ujerumani, zilionyesha kwamba dawa hiyohiyo inaingia mpaka kwenye kiini cha seli na kugusa namna jeni zinavyofungwa na kufunguliwa. Na inafanya hivyo kwa viwango vilevile vinavyopatikana katika damu ya mgonjwa anayemeza dozi ya kawaida.

Kufungwa na kufunguliwa vipi? Ndani ya kila seli yenye kiini kuna uzi wa DNA ambao ukinyooshwa unafika karibu mita 2. Umeingiaje mahali padogo hivyo? Wale mliokulia pwani mmeona ukili. Mama anasuka ukanda wa miyaa wenye pima nyingi, na kadiri unavyorefuka anaukunja duara, duara juu ya duara. Ukitaka kuitazama nakshi iliyo katikati, huna budi kuulegeza mkunjo. Uzi wa DNA nao umezungushwa hivyo juu ya mafungu ya protini ziitwazo histoni, nane katika kila fungu, uzi ukizunguka karibu mara mbili kabla ya kwenda fungu jingine. Jeni iliyo kwenye mkunjo uliokazwa haisomeki. Jeni iliyo mahali palipolegea inasomwa, na seli inatengeneza protini yake.

Kuna vimeng'enya vinavyobandika kwenye histoni alama ndogo ya kikemia iitwayo asetili, na hapo mkunjo hulegea. Vipo vingine vinavyoibandua alama hiyo, na mkunjo hukaza. Kazi hii haisimami, usiku na mchana, tangu ulipokuwa tumboni mwa mama yako. Hiyo ni mojawapo ya sababu seli ya ini na seli ya ubongo zina jeni zilezile na bado kila moja ina tabia yake. Vincent Allfrey na wenzake walipendekeza mwaka 1964, huko New York, kwamba asetili inahusika na usomaji wa jeni. Elimu yote ya alama hizi zinazotawala jeni bila kubadilisha maandishi yenyewe inaitwa epigenetiki, jina alilolitoa Mwingereza Conrad Waddington mwaka 1942.

Valproeti inavizuia vile vimeng'enya vinavyobandua. Asetili zinabaki, mkunjo unabaki umelegea, na jeni ambazo seli ilikuwa imezifunga zinaanza kusomwa. Hili halitokei kwenye jeni moja tu. Linatokea sehemu nyingi za uzi kwa wakati mmoja, na wala halichagui ubongo pekee.

Utauliza, kuna ubaya gani? Kwa mtu mzima, pengine upo uzuri. Mwaka 2013 ilichapishwa kazi ya watafiti akiwemo Takao Hensch wa Harvard, waliowachukua wanaume 24 wasiosomea muziki. Kuna uwezo wa kuisikia sauti moja ya kinanda na kuitaja jina bila kulinganisha na nyingine. Uwezo huo kwa kawaida hupatikana kwa mtu aliyeanza muziki akiwa mtoto mdogo, na umri huo ukipita mlango hufungwa. Watu hawa walipewa valproeti au kidonge kitupu kwa wiki mbili hivi, wakafundishwa sauti. Waliomeza dawa walifanya vizuri zaidi. Ni watu wachache, na simshauri mtu aimeze ili aje kuwa mpiga kinanda. Lakini fikiria maana yake: ubongo wa mtu mzima, kwa muda mfupi, ulionekana kuweza kujifunza kama wa mtoto.

Valproeti haiko peke yake. Dawa za sonona nazo zinagusa mambo haya, ingawa kwa njia ya mbali zaidi. Mwaka 2006 Nadia Tsankova, Eric Nestler na wenzao waliwaweka panya wadogo mbele ya panya mkubwa mkorofi, siku baada ya siku, mpaka wakaanza kukwepa wenzao. Katika ubongo wa panya hao jeni inayotengeneza BDNF, protini inayozilisha seli za neva, ilikuwa imefungwa kwa alama za aina nyingine, ziitwazo methili, kwenye histoni. Wakawapa imipramini, dawa ya sonona ya zamani, kwa wiki kadhaa. Jeni ikaanza kusomwa tena. Lakini walipotazama kwa makini, zile alama za mateso zilikuwa bado zipo. Dawa haikuzifuta. Ilichofanya ni kuongeza asetili pembeni yake, jeni ikafunguka huku kovu likiwa palepale. Hawa ni panya, nakumbusha, na sonona ya mwanadamu ina mambo mengi. Hata hivyo mgonjwa anayelalamika kwamba amemeza dawa ya sonona siku 4 na haoni kitu, hapa anaweza kupata sehemu ya jibu: mabadiliko ya namna hii huenda polepole, wiki kwa wiki. Na anayeiacha ghafla kwa kuwa amejisikia vizuri naye alitafakari hilo kovu.

Zipo pia dawa zinazokaza. Mwaka 2012 kundi la Javier González-Maeso lilionyesha kwamba dawa za skizofrenia kama klozapini, zikitumika muda mrefu, zinaongeza kimojawapo cha vimeng'enya vinavyobandua asetili, na jeni fulani muhimu ya ubongo wa mbele ikasomwa kwa uchache. Waliliona kwa panya, na pia katika bongo za watu waliofariki. Ndiyo maana baadhi ya watafiti wanatamani kuongeza dawa ya pili ya kulegeza panapokazwa na ya kwanza.

Na maisha yenyewe yanabandika alama, bila kidonge chochote. Mwaka 2014 Nader Perroud na wenzake walichapisha vipimo vya wanawake Watutsi waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, pamoja na watoto waliozaliwa. Waliwalinganisha na wanawake wa kabila hilo waliokuwa wajawazito kipindi hichohicho ambao mauaji hayakuwafikia. Jeni inayohusika na kupokea homoni ya msongo ilikuwa na methili zaidi kwa wale walioyapitia, akina mama na watoto wao. Walipima damu, maana ubongo wa mtu aliye hai haukatwi. Lakini kwetu sisi wa ukanda huu, habari hiyo haiwezi kupita kama habari ya maabara.

Turudi kwenye valproeti, maana hapa ndipo nilipokuwa nataka kufika.

Mtoto anapotungwa, seli moja inakuwa mbili, nne, nane, na baada ya muda mfupi kila kundi la seli linapaswa kushika njia yake. Seli hizi ziwe moyo, zile ziwe uti wa mgongo. Kushika njia ni kufunga jeni zisizohusika. Mfereji unaozaa ubongo na uti wa mgongo hujikunja na kuziba ndani ya siku 28 tangu kutungwa. Siku 28! Wanawake wengi wakati huo ndiyo kwanza wanajiuliza mbona hedhi imechelewa. Sasa weka katika damu ya mama dawa inayozuia ufungaji wa jeni, ambayo inapita kwenye kondo la nyuma bila shida. Mwaka 1982 daktari Elisabeth Robert wa Lyon, Ufaransa, alitoa taarifa kwamba watoto wenye mgongo wazi walikuwa wakizaliwa zaidi na akina mama waliotumia valproeti. Hatari ya mgongo wazi peke yake ni kati ya 1 na 2 katika kila mimba 100. Ukijumlisha kasoro zote kubwa za kuzaliwa, moyo, midomo, viungo, zinafika kama 10 katika 100, wakati kwa mimba za kawaida ni 2 au 3. Na hilo si la mwisho. Watoto 30 hadi 40 katika kila 100 waliopata dawa hii tumboni huchelewa kusema au kutembea, hupata shida ya kujifunza, wengine usonji. Dozi ikiwa kubwa, hatari huzidi.

Ushahidi kwamba kufungua jeni kunahusika ulikuwemo katika kazi ileile ya 2001. Timu ya Klein ilijaribu ndugu za valproeti, kemikali zinazofanana nayo. Zile zisizoharibu viinitete hazikuvizuia vile vimeng'enya. Na kemikali nyingine kabisa inayovizuia, trikostatini, ikaharibu viinitete vya wanyama kwa namna inayofanana. Maana yake uwezo wa kuzuia kifafa na uwezo wa kumdhuru mtoto tumboni si kitu kimoja. Vinaweza kutenganishwa. Mmoja wa ndugu hao, valpromidi, haivizuii vimeng'enya hivyo. Tatizo ni kwamba mwili wa binadamu unaigeuza kuwa valproeti ileile, kwa hiyo mlango huo kwetu haukufunguka. Wanaotengeneza dawa mpya wanaendelea kuitafuta njia.

Huko Ufaransa jambo hili limekwenda mpaka mahakamani. Mama mmoja, Marine Martin, aliyetumia dawa hiyo akiwa na mimba za watoto wake wawili, alianzisha mwaka 2011 chama cha familia zilizopatwa. Makadirio ya taasisi za afya za nchi hiyo yalitaja watoto kati ya 2,150 na 4,100 waliozaliwa na kasoro kubwa tangu dawa ilipoingia sokoni. Uingereza iliunda tume, ikatoa taarifa yake mwaka 2020. Kilio cha wazazi wa nchi zote mbili kilikuwa kimoja: hatukuambiwa. Wataalamu walijua kuhusu mgongo wazi tangu 1982, na miaka 30 baadaye kuna mama aliyekuwa bado anapewa pakiti kwenye dirisha la dawa bila neno. Hilo linaniuma kuliko kemia yote.

Kwetu je? Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 wana kifafa, na karibu 80 katika kila 100 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu. Katika nchi maskini wengi wao hawapati dawa yoyote. Kule Mahenge, Morogoro, daktari Mnorwe Louise Jilek-Aall alianza zaidi ya miaka 60 iliyopita kuwatibu kwa fenobabitoni watu waliokuwa wametengwa, wenye makovu ya moto kwa sababu walipoangukia jikoni waliokuwepo waliogopa kuwagusa. Hofu ya mate na povu bado ipo. Kwa hiyo ninaposema valproeti ina hatari, ninajua ninazungumza mahali ambapo kukosa dawa kabisa ndiyo hatari iliyo kubwa zaidi. Mtu anayeiacha ghafla anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka, na akafa. Mjamzito akianguka hivyo, wako hatarini wawili. Tafadhali, asiache mtu dawa kwa sababu ya redio.

Ninachokiomba ni kingine. Kifafa mara nyingi huanza utotoni. Binti wa miaka 7 anaandikiwa valproeti, inamfaa, haanguki, anarudi shule. Kila mwezi bibi yake anakwenda kliniki kuchukua vidonge, cheti kinagongwa muhuri, foleni inasogea. Anafika miaka 10, 13, 16. Hakuna aliyekosea hatua yoyote, na bado hakuna aliyesimama akasema, huyu sasa ni mwali, tuitazame upya dawa yake. Akiolewa, daktari wa kifafa hayumo kwenye mazungumzo ya posa, na mara nyingi ugonjwa wenyewe umefichwa kwa wakwe. Mimba inakuja, dawa ingali ileile. Mtoto akizaliwa na mgongo wazi, wanaukoo wanatafuta nani amemloga, au wanamtazama mke kwa jicho baya. Niseme pia kwa haki: watoto wengi wenye mgongo wazi hapa kwetu mama zao hawajawahi kuigusa valproeti, na upungufu wa vitamini iitwayo foliki mwilini unachangia sana. Lakini hawa wa valproeti tunaweza kuwaona wakija miaka kumi kabla.

Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya dawa muhimu limeandika wazi kwamba valproeti iepukwe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba, isipokuwa dawa nyingine zimeshindwa. Lamotrijini na levetirasetamu zimo katika orodha hiyohiyo, na kwa dawa hizo mbili hatari ya kasoro za kuzaliwa iko karibu na ile ya mimba yoyote. Zinagharimu zaidi, na hazipo kila zahanati, najua. Ndiyo maana ni jambo la kudai kwa wanaopanga bajeti za dawa, wala tusimwachie mama mmoja azitafute kwenye duka la mjini.

Na waume wasikae mbali wakidhani hayawahusu. Mwanzoni mwa 2024 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walitoa tahadhari kwa wanaume. Takwimu za nchi za Skandinavia zilionyesha kwamba watoto ambao baba zao walikuwa wakitumia valproeti katika miezi mitatu kabla ya mimba walipata shida za ukuaji wa ubongo kama 5 katika 100, dhidi ya 3 kwa baba waliotumia lamotrijini au levetirasetamu. Tofauti ni ndogo, na haijathibitika kwamba dawa ndiyo chanzo. Imetosha kuwafanya waseme baba naye aulizwe anachomeza.

Kubadilisha dawa hakufanyiki wiki ya harusi. Daktari anaongeza mpya kidogokidogo, hasa lamotrijini ambayo ikikimbizwa huleta vipele vya hatari, na ikiwa mtu yuko kwenye valproeti inapandishwa polepole zaidi, huku ya zamani ikipunguzwa. Inachukua miezi, na wakati huo mgonjwa anaweza kuanguka tena, kwa hiyo familia ijiandae. Foliki ianze kumezwa kabla ya mimba. Kwa hiyo wewe muuguzi unayegonga ule muhuri, na wewe mfamasia uliye nyuma ya dirisha, ukiona jina la binti kwenye cheti na valproeti mbele yake, muulize bibi aliyetumwa: mjukuu wako ana umri gani sasa? Kisha mwombe mwezi ujao aje naye mwenyewe.